Jina, Anwani na Kitambulisho: Hoja Kuhusu Utambulishaji wa Ruta katika Itifaki za Kupanga Njia

1.0 Utangulizi

Mjadala wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi uliwashughulisha wataalamu wa istilahi za Kiswahili kwa miaka mingi, na watumiaji wa lugha wakachukua neno lililowafaa, kila mmoja kwake, bila kungoja mkataa wa wataalamu. Mwaka 2004, programu za ofisini za Jambo OpenOffice zilipotolewa kwa Kiswahili kwa mchango wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, istilahi za vitu vinavyoonekana kwenye kioo zilipata msukumo mkubwa. Yaliyo nyuma ya kioo, yaani nyaya na mitambo inayounganisha kompyuta na kompyuta, hayakubahatika hivyo. Huko nyuma fundi hujisemea apendavyo, na mwalimu humfuata fundi.

Makala haya yanahusu kitu kimoja cha huko nyuma, kidogo kwa umbo lakini kizito kwa matokeo: namba ambayo kila ruta huitumia kujitambulisha kwa ruta nyingine inaposhiriki katika itifaki ya kupanga njia. Hoja inayotetewa ni kwamba namba hiyo ni jina, wala si anwani, ijapokuwa imevaa sura ya anwani. Na kwa kuwa ni jina, yampasa mwenye mtandao kuitoa mwenyewe, kwa uamuzi na kwa maandishi, badala ya kuiachia mashine ijichagulie. Hoja hii ni ya wahandisi, lakini inawahusu pia walimu na wanafunzi wa Kiswahili, kwa sababu kosa linalozungumzwa huanza katika neno kabla halijafika katika waya.

Neno ruta linahitaji maelezo mafupi. Ruta ni kifaa kinachopokea pakiti za data kwa mlango mmoja na kuamua zitokee mlango upi ili zifike ziendako. Wapo wanaopendelea kipanganjia, nalo ni neno lililoundwa vizuri. Hapa linatumika ruta kwa kuwa ndilo lililo midomoni mwa mafundi, na kwa kuwa limejiingilia katika ngeli ya N bila kusukumwa na mtu: ruta hii, ruta hizi.

2.0 Namba Iliyovaa Joho la Anwani

Itifaki iitwayo OSPF, katika toleo lake la pili linalotumika hadi leo katika mitandao ya IPv4, imeelezwa kikamilifu katika waraka RFC 2328 ulioandikwa na John Moy na kutolewa Aprili 1998. Utaratibu wake si mgumu kuueleza. Kila ruta hutoa matangazo ya hali ya viungo vyake: imeungana na nani, kwa gharama gani. Matangazo hayo husambazwa kwa ruta zote za eneo, na kila moja huyakusanya katika hifadhidata yake, ikachora ramani ya eneo zima na kukokotoa njia fupi kuliko zote. Ramani haichoreki bila majina ya vituo. Hapo ndipo namba ya utambulisho inapoingia: kila tangazo hubeba namba ya ruta iliyolitoa, na ruta zote husadiki kwamba mwenye namba ile ni mmoja tu.

Namba hiyo ina biti 32. Anwani ya IPv4 nayo ina biti 32, na vyote viwili huandikwa kwa mtindo mmoja, yaani tarakimu nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Mtu akionyeshwa 10.20.0.1 peke yake hawezi kujua kama ametajiwa anwani au ametajiwa kitambulisho. Waraka wenyewe hausemi kwamba namba hii lazima iwe anwani. Unasema kwamba ni namba inayotolewa kwa kila ruta na isiyorudiwa ndani ya mfumo mmoja unaojitawala. Kuchukua anwani kubwa kuliko zote, au ndogo kuliko zote, miongoni mwa anwani za ruta hiyo kunatajwa kuwa njia mojawapo tu ya kuipata. Kwa hiyo ruta inaweza kuitwa 0.0.0.7 na kazi ikaendelea vema, ingawa hakuna pakiti hata moja inayoweza kutumwa kwenda 0.0.0.7. Mtu akiitwa Tanga si lazima apatikane Tanga.

Neno anwani limechangia mkanganyiko huu kuliko inavyodhaniwa. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiswahili limebeba maana mbili: mahali barua inapopelekwa, na jina la kitabu au makala. Mhakiki anaposema "anwani ya riwaya hii" hana haja na posta. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba 10.20.0.1 ni "anwani ya ruta" husikia maana zote mbili kwa pamoja, mahali na jina, bila mtu kumwonyesha mpaka. Katika Afrika Mashariki anwani ya watu wengi imekuwa sanduku la posta, na sanduku moja hutumiwa na shule nzima au ofisi nzima. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba S.L.P. ndiyo jina lake. Akihama hubadilisha sanduku, akabaki kuwa yeye yule. Tofauti iliyo wazi namna hii katika barua imefifia katika mtandao kwa sababu tu tarakimu zinafanana.

Tena ruta haina anwani moja. Kila mlango unaoshiriki katika mtandao wa IP huwa na anwani yake, na ruta ya kawaida ya chuo inaweza kuwa na milango sita, minane au zaidi. Kusema "anwani ya ruta" bila kutaja mlango ni sawa na kusema "mlango wa nyumba" mbele ya jumba lenye milango kila upande. Kitambulisho, kinyume chake, ni kimoja kwa ruta nzima ndani ya itifaki, hata milango yake iwe mingi namna gani.

3.0 Mashine Inapojipa Jina

Mhandisi asipotoa kitambulisho, ruta haikai bila jina. Hujitafutia. Katika ruta za Cisco, ambazo hutumika sana katika kufundishia, utaratibu ni huu: ikiwa mhandisi ameandika kitambulisho kwa amri, hicho ndicho kinachoshika, kama hakuandika, ruta huchukua anwani kubwa kuliko zote katika milango yake isiyo na waya, ile ambayo mafundi huiita lupubeki, na kama haina lupubeki yoyote, huchukua anwani kubwa kuliko zote katika milango ya kawaida iliyo hai wakati itifaki inapoanza. Mlango huo unaweza kuwa hata haushiriki katika OSPF. Ukubwa wa tarakimu ndio kigezo pekee.

Wanaotetea utaratibu huu husema kuwa unaokoa muda, na katika mtandao wa ruta mbili tatu hawakosei. Ubaya wake hauonekani siku ya kwanza.

Chukulia chuo chenye kampasi tatu. Kampasi ya kati ina ruta ambayo hakuna aliyeipa kitambulisho. Siku ilipowashwa anwani yake kubwa ilikuwa 10.20.0.1, nayo ikajiita hivyo. Kampasi ya tatu iko mbali, na eneo lake halikuweza kuunganishwa moja kwa moja na eneo la msingi kama OSPF inavyodai; kwa hiyo wahandisi walijenga kiungo pepe kupitia eneo lililo katikati. Kiungo pepe hakijengwi kwa kutaja anwani ya upande wa pili, bali kwa kutaja kitambulisho chake. Kila ncha imeandikiwa jina la mwenzake. Mwezi Machi fundi anafungua maabara mpya katika kampasi ya kati na kuupa mlango wake anwani 192.168.50.1. Hakuna kinachotokea. Ruta iliyo kazini haibadilishi jina lake katikati ya kazi, na fundi anaondoka akiwa ameridhika, kwa haki kabisa. Mwezi Agosti umeme unakatika na jenereta inachelewa. Ruta inazimika. Inapoamka inazitazama anwani zake upya, inaiona 192.168.50.1 kuwa ndiyo kubwa, na inajiita hivyo.

Kuanzia hapo kampasi ya tatu haipo. Ncha ya pili ya kiungo pepe bado inamngoja 10.20.0.1, na 10.20.0.1 hajulikani tena aliko. Nyaya ni nzima, taa zote ni za kijani, ruta jirani zinasalimiana, na fundi wa zamu anakagua kebo saa nzima. Jina la zamani, kwa kuwa mwenyewe alizimika bila kuyafuta matangazo yake, linaweza kukaa katika hifadhidata za ruta nyingine hadi saa moja, ambayo ndiyo umri wa juu wa tangazo katika OSPF. Atakayeifungua hifadhidata atakuta majina mawili kwa kifaa kimoja, moja la aliye hai na moja la mzuka. Aliyefungua maabara mwezi Machi hakumbukwi na mtu, wala hana hatia. Chanzo na tokeo vimetenganishwa kwa miezi mitano, na hakuna kumbukumbu iliyoandikwa inayoviunganisha, kwa sababu jina lenyewe halikuandikwa mahali popote. Lilijitokeza tu.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila hatua yake hufuata kanuni za itifaki, na si wa ajabu hata kidogo kwa mtu aliyewahi kukesha chumba cha mitambo. Tiba yake ni mstari mmoja wa amri, ulioandikwa siku ya kwanza.

4.0 Somo Asiyependwa

Jina linalobadilika ni hatari moja. Jina linalorudiwa ni hatari nyingine, na pengine kubwa zaidi. Waswahili wenye jina moja huitana somo, na baina yao huwapo utani na mapenzi. Ruta hazijui usomo. Zikiwa mbili zenye kitambulisho kimoja zimeungana moja kwa moja, hukataana papo hapo: kila moja hupokea salamu yenye jina lake mwenyewe, huiona ni kasoro, na ujirani haujengeki. Hili ni jambo la heri, kwa kuwa kosa limejitangaza na fundi ataliona.

Taabu iko pale wenye jina moja wasipoonana uso kwa uso, bali wanapokaa katika eneo moja wakiwa wametenganishwa na ruta nyingine. Kila tangazo la OSPF lina namba ya mfuatano inayoonyesha upya wake. Ruta ya kwanza hutoa tangazo lake. Tangazo hilo hufika kwa ya pili, ambayo hulisoma, hukuta jina lake juu yake, na haikumbuki kuliandika. Kanuni ya itifaki kwa hali kama hiyo ni ya busara: huenda tangazo hilo ni langu la zamani, kabla sijazimika, kwa hiyo nitoe jipya lenye namba ya juu zaidi, lifute lile. Hufanya hivyo. Tangazo jipya humrudia wa kwanza, naye hutenda vilevile. Itifaki inaruhusu tangazo lilelile litolewe upya kila baada ya sekunde 5, na ugomvi unaweza kuendelea usiku kucha kwa mwendo huo. Ruta nyingine zote, ambazo hazina kosa lolote, hulazimika kuchora ramani upya kila mara: sasa kituo hiki kiko kaskazini, sasa kiko kusini. Njia huonekana na kupotea. Mtumiaji aliye mbali huambiwa kwamba mtandao "unasumbua leo".

Makosa ya aina hii mara nyingi huzaliwa na kunakili. Fundi anayo faili ya maagizo ya ruta inayofanya kazi vizuri. Anaiweka katika ruta mpya, anabadilisha anwani za milango, na anasahau kitambulisho. Hapa mpinzani wa makala haya ana hoja nzuri. Atasema: tazama, kitambulisho kilichoandikwa kwa mkono ndicho kilichonakiliwa, kingeachiwa mashine kingefuata anwani mpya na kisingerudiwa. Ni kweli, ingawa si kweli yote, kwa maana mashine nayo hurudia. Ofisi mbili zikiweka 192.168.1.1 katika milango yao ya ndani, kama zinavyofanya ofisi nyingi duniani, na anwani hiyo ikawa ndiyo kubwa katika kila ruta, zitakuwa na jina moja bila mtu kunakili chochote. Kinachozuia marudio ni daftari: orodha moja, ya mwenye mtandao mmoja, ambamo kila ruta imeandikwa mara moja na namba yake. Amri bila daftari ni nusu ya kazi.

5.0 Ushahidi Kutoka kwa Wenye Itifaki

Kama hoja hii ingekuwa ya walimu wa lugha peke yao ingeweza kupuuzwa. Walioandika itifaki, hata hivyo, wamesogea upande huohuo hatua kwa hatua, na mwendo wao unafaa kuangaliwa.

BGP ndiyo itifaki inayotumiwa na mitandao inayojitawala inapopashana njia. Ndiyo inayozungumzwa katika vituo vya kubadilishana data vya kanda hii, tangu KIXP ya Nairobi ilipoanzishwa mwaka 2000 na TIX ya Dar es Salaam mwaka 2004. Nayo ina kitambulisho cha biti 32. Waraka wa BGP wa Machi 1995, RFC 1771, na uliochukua nafasi yake Januari 2006, RFC 4271, ziliagiza kwamba thamani ya kitambulisho iwe ni anwani ya IP iliyotolewa kwa ruta hiyo. Jina na anwani vilifungwa kamba moja kwa agizo. Juni 2011, kwa RFC 6286, kamba ilikatwa: kitambulisho sasa ni namba nzima ya biti 32 isiyokuwa sufuri, na sharti lake ni kutorudiwa ndani ya mfumo mmoja unaojitawala. Sharti la kuwa anwani limeondolewa.

Waraka huohuo wa 2011 ulifanya jambo jingine ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua haraka. Ruta za mifumo miwili tofauti zinaruhusiwa kuwa na kitambulisho kimoja, na zikigongana katika kufungua mazungumzo kwa wakati mmoja, jambo ambalo kwa kawaida huamuliwa kwa kuangalia nani ana kitambulisho kikubwa, basi namba ya mfumo ndiyo huamua. Hivyo ndivyo kijiji kinavyowatofautisha akina Juma wawili: kwa ukoo. Ndani ya nyumba moja, hata hivyo, hakuna baba awaitaye wanawe wawili Juma.

OSPF ilipotoholewa kwa ajili ya IPv6, kwanza katika RFC 2740 ya mwaka 1999 na kisha katika RFC 5340 ya mwaka 2008, utengano ulikuwa dhahiri zaidi. Anwani za IPv6 zina biti 128. Kitambulisho kilibaki na biti zake 32. Anwani ya IPv6 haiwezi kutosha katika nafasi ya kitambulisho hata mtu akitaka, na ruta jirani sasa hutambuana kwa vitambulisho vyao tu. Katika ruta isiyokuwa na anwani yoyote ya IPv4, na ambayo imezoea kujichagulia jina kutoka katika anwani hizo, mashine haina pa kushika: itifaki haianzi kazi mpaka mtu aandike namba. Fundi aliyefundishwa kwamba kitambulisho ni "anwani ya ruta" hufika hapo akakwama, akiitafuta anwani ambayo haipo. Si mzembe. Amefundishwa neno lisilofaa.

6.0 Kuhusu Istilahi na Ufundishaji

Huenda ikasemwa kwamba hata binadamu hupewa majina kutokana na matukio. Aliyezaliwa Ijumaa huitwa Juma au Mwanajuma, aliyezaliwa siku ya sikukuu huitwa Idi, na yuko anayeitwa Shida kwa sababu ya mwaka aliozaliwa. Kwa nini basi ruta isichukue jina kutokana na anwani iliyokuwa nayo siku ya kuwashwa? Hakuna ubaya katika chanzo cha jina. Ubaya uko katika kulirudia tendo la kutaja kila mashine inapoamka. Juma aliyelala usingizi hazinduki Jumanne akawa mtu mwingine. Kwa sababu hiyo haifai kuwalaumu wahandisi wengi wanaoipa lupubeki anwani, kisha wakaandika anwani ileile kuwa kitambulisho kwa amri ya wazi. Wao wametoa jina, ingawa wameliazima. Anwani ya lupubeki ikibadilishwa kesho, jina litabaki. Wanachokipata ni wepesi wa kukumbuka, na ni faida halali. Wanaoiacha lupubeki ifanye kazi hiyo peke yake, bila amri, wamekaribia lakini hawajafika: siku atakapoongezwa lupubeki wa pili mwenye anwani kubwa zaidi, kisa cha mwezi Agosti kitarudi.

Istilahi inayopendekezwa ni kitambulisho, kwa ukamilifu kitambulisho cha ruta. Pingamizi moja ni kwamba neno hilo limekwisha kuchukuliwa na kadi ya raia. Pingamizi hilo lageuka kuwa sifa. Kadi hutolewa na mamlaka, huwa na namba isiyorudiwa, huandikwa katika daftari, na mwenye kadi akihama nyumba haipotezi. Ni vigumu kupata katika maisha ya kila siku kitu kinachofanana zaidi na dhana inayotafutiwa neno. Pendekezo la kutumia "jina la ruta" lingekuwa sahihi kwa dhana, ila ruta ina pia jina la maneno ambalo fundi huliandika ili alione kwenye kioo chake, na OSPF hailihitaji. Maneno mawili yangegongana.

Umbo la neno nalo lina funzo. Kitambulisho kinatokana na -tambulisha, kitenzi chenye kiambishi cha usababishi, na usababishi hudai msababishaji. Mwalimu akisema "ruta hutambulika kwa 10.20.0.1" ametumia kauli inayomficha mtendaji, hakuna anayejua nani kafanya itambulike. Akisema "ruta hujipatia kitambulisho" amekipachika kirejeshi -ji- mahali palipostahili kukaa mtu. Akisema "ruta imepewa kitambulisho na mhandisi" mwanafunzi atauliza: mhandisi gani, lini, na ameandika wapi? Ndilo swali ambalo fundi wa zamu wa mwezi Agosti alikosa mtu wa kulijibu. Mafundi husema "kuseti", na neno hilo lina haki yake karakana, lakini halimtofautishi aliyeamua na aliyeacha. Ruta iliyojichagulia nayo husemwa kwamba "imejiseti".

Anwani ibaki kwa milango. "Anwani ya mlango" ni istilahi sahihi na kamili, na "anwani ya ruta" ifaa iondolewe katika mihadhara, vijitabu vya maabara na maswali ya mtihani, isipokuwa pale inapotajwa ili ikosolewe. Hili si jambo la kungojea baraza wala kamusi mpya. Ni la mwalimu mmoja na chaki yake. Kuna idara zinazofundisha mitandao kwa Kiingereza darasani na kwa Kiswahili maabarani, pale mkono unaposhika waya na mwalimu anapoacha kuhutubia na kuanza kuelekeza. Kiswahili hicho cha maabara hakiandikwi, hakihaririwi, na ndicho ambacho fundi huenda nacho kazini.

Kwa ruta ambazo tayari ziko kazini na majina yake ya kujichagulia, kazi haina budi kufanywa kwa mpango. Kubadilisha kitambulisho cha OSPF hudai itifaki ianzishwe upya katika ruta hiyo, na ujirani wote hukatika kwa muda. Kwa hiyo kwanza iandikwe orodha ya majina yaliyopo. Kisha vitafutwe viungo pepe vyote, kwa kuwa kila kimoja kimeandikiwa jina upande wa pili. Ndipo ichaguliwe saa ambayo watumiaji ni wachache, na ruta zitajwe moja baada ya nyingine. Pale jina lililopo halirudiwi, njia nyepesi ni kuliandika hilohilo kwa amri. Ruta haitakuwa na jina jipya, ujirani hautapotea, na siku umeme utakapokatika itaamka ikiitwa kama ilivyoitwa jana.

Katika mtihani, mwanafunzi akiandika "anwani ya ruta ni 10.20.0.1", msahihishaji asimkate alama mara moja. Amwandikie pembeni: ya mlango upi?